Gari la Mtani

Watu walionunua magari ya mkono wa pili hulalamika kwa namna moja: muuzaji akishapokea chake hapatikani tena. Simu haipokelewi, kiwanja kimefungwa, ukimkuta mjini anavuka barabara. Malalamiko yangu mimi yalikuwa kinyume. Wangu alipatikana mno. Asubuhi ya kwanza baada ya kuniuzia gari, hata chai sijanywa, simu ikaita.

“Mwalimu, gari limelalaje?”

Nikamwambia limelala vizuri, limejifunika shuka. Akacheka, lakini hakukata simu. Akauliza kama nimeshaliwasha. Nikasema bado. Akasema, basi liwashe nisikie. Nikatoka uani na kanga yangu, nikaliwasha, nikaisogeza simu kwenye boneti kama mtu anayempa mtoto simu aongee na babu yake. Gari likaunguruma. Upande wa pili nilimsikia mtu akishusha pumzi ndefu.

“Haya, Mungu mkubwa,” akasema, akakata.

Mtu mwenye akili angeshtuka palepale. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini, kwanza Namawala na baadaye hapa Ifakara mjini, na watoto niliowakamata na uongo kwa kuwatazama machoni tu hawana idadi. Lakini sikushtuka, kwa sababu mtu yule alikuwa mtani wangu. Uzembe wangu wote ulianzia hapo, na sina budi kuueleza.

Gari lenyewe nililinunua kwa ajili ya mama. Mama alikuwa amelima mpunga Namawala mpaka magoti yake yakakataa kazi, ndipo nikamleta kwangu. Akili ilikuwa nzima, ulimi ndio kabisa, ila miguu haikumfikisha hata getini. Jumapili moja ya masika tulipanda bodaboda kwenda misani, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Karibu na kanisa pikipiki ikateleza kwenye tope. Hatukuumia. Mama alikaa palepale topeni na gauni lake la Jumapili, waumini wanapita wanatupa pole, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni binadamu, si kiroba cha mpunga, na kuanzia siku ile atakwenda kanisani amekaa kama mtu, ndani ya gari na si bajaji ya kutikisa magoti, au hatakwenda.

Nilidhani hasira zitaisha. Jumapili iliyofuata akabaki nyumbani akisikiliza misa redioni. Nikarudi kutoka kanisani nikamkuta kitini kwake, amevaa gauni, amefunga kilemba, amevaa na viatu. Jumapili ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Nadhani kama asingevaa vile viatu ningevumilia. Nikachukua kiinua mgongo changu nilichokuwa nimekificha benki hata watoto wangu wasijue, nikaenda kujifunza udereva kwenye uwanja wa mpira pamoja na vijana walioniita bibi, na leseni ilipotoka nikaenda kutafuta gari.

Kiwanja cha huyo mtani kilikuwa barabara ya kwenda Kidatu, kimezungushiwa mabati, ndani yake magari manne na mbuzi mmoja. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limenyooshwa, simu mbili mkononi. Alinipa shikamoo nzuri kabisa, ya mtu aliyelelewa. Nikaitikia marahaba. Akanivutia kiti, akaagiza soda, kisha katika mazungumzo akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi. Nikamwambia ni Mpogoro wa Mahenge.

Akasimama. Akaichukua ile soda mkononi mwangu.

“Mama, naomba nirudishiwe shikamoo yangu.”

“Kwa nini?”

“Mimi Mngoni wa Songea. Siwezi kumwamkia mtumwa wangu.”

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kwa asiyejua, Wangoni na Wapogoro ni watani. Wazee wao waliwakimbiza wazee wetu mpaka milimani, wakapigana wakachoka, na kilichobaki kwetu sisi wajukuu ni ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akabeba kuku akaondoka naye, na ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa. Anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya padri, na padri akacheka. Lakini siku ukifiwa ndiye anayefika mapema, anachimba kaburi, anamwiga marehemu, anawachekesha wafiwa mpaka wanakubali kumeza chakula. Nimeishi na utani tangu nizaliwe, na sijawahi kumwogopa mtani.

Basi bei tulipatana kwa matusi. Yeye akasema mtumwa hapaswi kuendesha, nikamwambia Mngoni hapaswi kuuza alichoiba, na kwa mwendo huo tukafika mahali sote tukaridhika. Gari lilikuwa dogo, jeupe, viti vimevikwa nailoni mpya, ndani kunanukia marashi mpaka macho yanawasha. Nilipouliza kadi ya gari, akasema iko Morogoro kwa mtu anayeshughulikia kubadilisha majina, na isitoshe tangu lini mtumwa akapewa kadi. Tukacheka. Nilipouliza ufunguo wa akiba, akasema umepotea, na mtumwa wa nini na funguo mbili. Tukacheka tena. Tulipofika kwenye kuandikiana, akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri, tukatia sahihi wote wawili huku machozi ya kicheko yananitoka. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye mkoba. Niliwahi kumnyima mtoto alama kwa kusahau nukta, lakini siku ile nilitia sahihi kama mlevi.

Mama aliliona gari, akalitazama toka mbele hadi nyuma. Kisha akaomba viatu. Haikuwa Jumapili, ilikuwa Jumanne, lakini tulikwenda hadi kanisani tukakuta limefungwa, tukalizunguka mara mbili, tukarudi. Bajaji zote za Ifakara zilitupita. Mama alikaa kiti cha nyuma amenyooka, akipungia watu mkono.

Simu ziliendelea. Limelalaje, limeamkaje, linakunywaje maji. Siku mvua iliponyesha alinipigia mara tatu. Baada ya wiki akaanza kuja mwenyewe. Anafika jioni, ananitukana, anamtukana mama, anapewa chai, halafu anatoka uani anazunguka gari mara moja, mara mbili. Anafungua mlango, ananusa. Anapapasa chini ya viti. Siku moja nilimkuta amepiga magoti, sikio kwenye tairi. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema anasikiliza kama mtumwa wangu wa chuma ananisema vibaya.

Na alikuwa na masharti. Nailoni nisitoe, inatunza viti. Kapeti nisiinue, italegea. Nisilipeleke kwa fundi mwingine yeyote, mafundi wa mji huu wezi. Gari nilaze wapi? Ua una kufuli? Nasafiri lini? Nikisafiri nimwambie.

Jirani yangu, mama mmoja mshona nguo ambaye cherehani yake inatazama geti langu, aliyaona yote hayo. Siku moja akaacha kushona, akaja.

“Dada, yule mtu ni mwizi.”

“Yule ni mtani wangu.”

“Mtani gani anauliza kufuli?”

“Ndio utani wenyewe.”

“Haya,” akasema. “Mimi sina mtani wa hivyo, mimi nina cherehani tu.” Akarudi kushona, lakini kuanzia siku ile aligeuza kiti chake kilitazame gari moja kwa moja.

Nilikasirika kidogo. Niliona ananionea wivu. Sasa nikikumbuka nasikia aibu, maana kila dalili aliyoiona yeye niliiona na mimi, ila yeye aliiita kwa jina lake na mimi nikacheka.

Aliyegundua ni mama. Tulikuwa tunatoka kliniki ya presha, jua kali, mimi naendesha nimeshika usukani kwa mikono miwili, mara nasikia nyuma:

“Mwanangu, gari lako lina mpunga.”

Nikajua presha imepanda. Nikasimamisha pembeni, nikageuka. Mama alikuwa ameinama, ameinua ncha ya kapeti kwa fimbo yake. Chini yake, kwenye kona karibu na mlango, palikuwa na tope la zamani lililopasuka, limelowa mvua iliyovuja, na kwenye nyufa za lile tope miche saba ya mpunga imechomoza, mirefu kama kidole, imepauka kwa kukosa jua. Mama aling’oa mmoja, akauchambua mzizi, akatoa ganda la punje, akaliweka kwenye kiganja.

“Mbegu ya supa hii,” akasema. “Supa ya bondeni.”

Alijua kila kitu palepale, na akanieleza njia nzima kama anasoma risala. Gari hili lilizama kwenye mafuriko, mto ulipomwagika mashambani. Lilikaa majini siku kadhaa mpaka tope likaingia kila mahali. Mtu akalitoa, akalianika, akalivisha nailoni, akalipulizia marashi. Na ndiyo maana Mngoni wako anauliza limelalaje, akasema mama, maana kila siku anategemea kusikia limekufa.

Kiinua mgongo changu chote kilikuwa pale, kinaota mpunga. Lakini gari lilikuwa bado linawaka, na mama bado alikuwa amekaa kama mtu, na nilimsikia anaanza kucheka peke yake kule nyuma. Akaniambia nisiing’oe ile mingine. Akaimwagia maji ya kunywa kutoka kwenye chupa yake.

Mtani alipokuja jioni ya pili yake, mama alimngoja anywe chai kwanza.

“We Mngoni, wewe uliuza gari au shamba?”

“Kwa nini, mtumwa wangu mkubwa?”

“Tunataka kujua tulime au tuendeshe.”

Alicheka, lakini hakurudisha tusi. Hakulizunguka gari siku ile. Aliaga mapema, na simu ya asubuhi haikuja. Nilishangaa kujikuta naingoja.

Mama naye hakunyamaza. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alikaa kwenye benchi la nje akawasimulia akina mama wenzake habari ya gari linaloota supa, na kwamba Mngoni wa magari ataitwa hapo aje alivune mbele ya watu. Wakacheka mpaka wakapangusana machozi. Mimi nilirudi ndani kuzungumza na mwalimu wa kwaya, dakika kumi hazifiki. Nilipotoka, mama alikuwa kwenye benchi, akina mama walikuwa wanaendelea kucheka, na mahali pa gari palikuwa na kivuli cha ukuta tu.

“Gari liko wapi?”

“Mtani wako kalichukua,” wakanijibu kwa furaha. Wakanisimulia. Alikuja kwa bodaboda, akatoa ufunguo mfukoni, akapiga kelele kwamba anachukua mali yake kwa mtumwa wake, uwanja mzima ukaangua kicheko. Gari lilisumbua kuwaka. Wazee wawili wa parokia walilisukuma.

Nami nikacheka. Nataka lieleweke hilo. Nilisimama mahali gari langu lilipokuwa nikacheka na wenzangu, kwa sababu mtani akichukua kitu ndivyo inavyokuwa. Kesho yake atatuma salamu, utampa jogoo au pombe, atarudisha, mtatukana, yataisha. Nilimwandikia ujumbe palepale: “Mngoni, unataka kuku wa rangi gani?” Kisha nikatafuta bajaji. Mama alikataa kuinuliwa na watu, akajivuta mwenyewe mpaka ndani.

Ujumbe haukujibiwa. Simu zote mbili zilikuwa zimezimwa. Jumatatu nikaenda kwenye kiwanja chake nikakuta mabati yamefungwa kwa mnyororo, hata mbuzi hayupo. Pale ndipo kicheko kilipokatika. Nilisimama barabarani nikiwa na mkoba wangu, malori ya miwa na mabasi yanapita, nikamwelewa jirani yangu na cherehani yake.

Nikaenda polisi. Askari wa zamu alikuwa mtu mpole, akafungua daftari, akaandika jina langu na aina ya gari. Akauliza mlalamikiwa ni nani kwangu.

“Ni mtani wangu.”

Akaweka kalamu chini.

“Mwalimu, utani haufunguliwi jalada. Mimi mwenyewe mtani wangu aliondoka na baiskeli yangu kabla ya mvua. Hadi leo namngoja anipigie.”

Nikasema huu si utani tena, huu ni wizi. Akaomba kadi ya gari. Sina. Akaomba mkataba. Huo ninao. Nikautoa kwenye mkoba, nikamkabidhi kwa fahari, maana nilikuwa sijausoma tena tangu siku ile. Akausoma kwa sauti, na mwenzake wa meza ya pili akasogea kusikiliza.

“Mimi bwana mkubwa wa Kingoni, leo nikiwa na akili timamu, nimempa mtumwa wangu wa Kipogoro gari moja jeupe anitunzie.”

Akaugeuza nyuma kutazama kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

“Na hii hapa ni sahihi yako?”

“Ni yangu.”

“Basi kama ni hivyo, mwalimu, mwenye mali kachukua mali yake.” Alijitahidi asicheke, namsifu kwa hilo. Mwenzake alishindwa, akatoka nje.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa hasira. Nilimwambia mama yote, nikamwambia na jingine ambalo sikulitaka, kwamba gari ndiyo basi. Nilikuwa nimemaliza kila senti. Mama alinisikiliza huku anapepeta mchele kwenye ungo. Siku tatu zilizofuata nilikuwa mtu asiyesemezeka. Nilichukua fimbo yangu ya ualimu kutoka darini nikaiegesha mlangoni, nikatunga maneno ya kumwambia siku nikimpata, nikayapanga kwa herufi, a mpaka d. Na katikati ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinanitafuna: kwamba presha ya mama haina ratiba, na ikipanda ghafla usiku nitampakia kwenye nini.

Alhamisi asubuhi mama akaniita.

“Nenda sokoni kwa yule Mngoni anayeuza vitumbua. Mwambie nimekufa.”

“Mama!”

“Mwizi hataki kuonekana. Lakini mtani hakosi msiba. Tutamjua ni yupi.”

Nikamwambia ni dhambi. Akasema dhambi ni yake, ataungama mwenyewe. Nikamwambia ni uchuro, kifo hakichezewi. Akasema kifo amekizoea kuliko mimi, ameshazika mume na watoto wawili, na kwamba anataka kwenda kanisani Jumapili. Alipotaja kanisa nikashika mkoba.

Njiani nilijifunza la kusema. Lakini nilipofika mbele ya yule mama wa vitumbua sikuweza. Nilifungua mdomo, neno likagoma, na badala yake machozi yakaanza kutoka, ya gari, ya kiinua mgongo, ya kituo cha polisi, yote kwa pamoja. Akaacha kikaango.

“Bibi ametutoka?” akauliza.

Nikainamisha kichwa. Hilo tu ndilo nililofanya, na Mungu ananiona. Ukimwambia Mngoni mmoja wa Ifakara, hakuna haja ya redio. Nilipofika nyumbani nilikuta wanne wameshatangulia, wameinua turubai, na mmoja anapasua kuni zangu huku ananitukana kwa kuzipanga vibaya.

Jirani mshona nguo, niliyekuwa nimemweleza mpango, alisimama getini akiwarudisha kwa siri watu wa mtaa. Wangoni hatukuweza kuwarudisha. Ilipofika saa saba walikuwa zaidi ya kumi. Mama alikuwa chumbani, mlango nimeufunga, nami nimekaa kitandani kwake nimemshika mkono asitoke. Tulichungulia dirishani kupitia pazia. Mama mmoja mnene alikuwa amejifunga kitenge cha mama alichokianua kambani, ameshika fimbo, anatembea uani akimwiga: mgongo umepinda, mdomo umekunjwa, anawapangia watu kazi. Uani walicheka huku wanalia.

“Mimi sitembei hivyo,” mama akanong’ona.

“Unatembea hivyo.”

“Mgongo wangu haujapinda namna ile. Nifungulie nikamwonyeshe.”

Ilinibidi nimzuie kwa mikono miwili. Kisha yule mnene akaacha kuiga, akakaa chini, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba bibi huyu alimpa mchele mwaka wa mafuriko, na hakumwambia mtu. Mama akaacha kunivuta. Mimi nilikuwa naona aibu kuwepo.

Saa nane hivi tukasikia honi. Niliijua, ilikuwa na mkwaruzo tangu siku niliyolinunua. Gari jeupe liliingia getini taratibu, limeoshwa, linang’aa. Jirani yangu alisimama mdomo wazi na sindano mkononi. Mtani akashuka. Nilikuwa nimeshatoka nje, fimbo nyuma ya mgongo, maneno yangu a mpaka d yako tayari mdomoni.

Hakuwa na matusi. Hakuniita mtumwa. Shati lake lilikuwa halijanyooshwa. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama, akauliza:

“Mlimpeleka hospitali na nini?”

Lilikuwa ni swali langu lilelile la siku tatu, sasa liko mdomoni mwake. Akauliza tena, taratibu zaidi, kama gari lilihitajika. Kama tulipiga simu akawa amezima. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha, mtu mzima, mbele ya Wangoni wenzake. Fimbo niliiangusha. Nasema kweli, maneno yote niliyoyatunga yalipotea, na nilichotaka ni kumwambia haraka kwamba mama hajafa, aache kulia.

Mama aliniwahi. Alikuwa amefungua mlango mwenyewe, ameshikilia kizingiti.

“Nilikwenda na bodaboda uliyotuachia kanisani, mwizi mkubwa we. Lete kadi yangu.”

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Aliyekuwa na kitenge cha mama alikimbia nacho mpaka barabarani. Mtani alikaa chini ardhini, palepale, akaweka mikono kichwani. Alipopata sauti alijaribu kuwa na hasira. Akasema mambo gani haya, mtu anajitangazia kifo, hii si sawa, watu wameacha shughuli zao. Mama akamjibu aende kushtaki, kituo anakijua mwalimu, na askari wa zamu anapenda sana kesi za watani. Hapo ndipo Wangoni wakaelewa, na walivyocheka, walimcheka yeye.

Alieleza yote akiwa bado chini. Gari alilinunua kwa bei ya kutupa baada ya mafuriko, akalianika miezi miwili. Hakukusudia kuniuzia mimi, alikusudia kumuuzia mtu wa mbali. Tangu alipomwona mama kwenye kile kiti cha nyuma hakulala vizuri. Mama alipoanza kutangaza mpunga, aliogopa nitadai changu na chenyewe ameshakitumia, ndipo akalichukua, akalificha Mkula kwa shemeji yake, akapata mteja Kidatu. Asubuhi ile alikuwa njiani kumpelekea. Akawasha simu kidogo tu amwulize mteja alipo, akakuta ujumbe wa msiba.

“Ungeendelea,” nikamwambia. “Ulikuwa umeshafika karibu.”

Akanitazama kama mtu niliyemwuliza swali la kijinga.

“Kuna msiba, mwalimu,” akasema.

Kadi ilikuwa mfukoni mwake, tayari kwa yule mteja. Alitupatia hiyo pamoja na ufunguo wa pili. Breki na sakafu alizitengeneza kwake bila kudai, ila alidai kuku wa usumbufu wa msiba, na mama akaamua apewe. Mama wa vitumbua na wenzake walikula wali wetu mpaka sufuria ikakwaruzwa. Jumapili mama alishuka mbele ya kanisa, akaenda kuungama kwanza. Alikaa kule ndani muda mrefu, na tulimsikia padri akicheka.

Tuliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Gari liligoma mara nyingi, mtani akaja mara nyingi. Jumapili moja tunarudi kutoka misa, barabara tupu, mama nyuma akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi:

“Siku yenyewe ikifika, yule usimpigie simu. Hataamini. Mfuate na gari.”

Nikamwambia aache uchuro, naendesha.

Nilimfuata mwanzoni mwa mavuno, asubuhi. Alikuwa kiwanjani kwake anaosha gari la mteja. Aliponiona nasimama alianza kucheka kwa mbali, akafungua mdomo anitukane kama siku zote. Kisha akatazama kiti cha nyuma, hakina mtu. Akafunga bomba la maji, akaingia ndani kuchukua jembe.